Wageni Wasio na Jina wa Mwalimu Egidius

Mume wangu ni mtu mwema, na hapo ndipo shida yangu ilipo. Angekuwa mlevi ningejua pa kumshtaki. Majirani wangenionea huruma na mchungaji angekuja kumwombea. Lakini utamshtaki wapi mtu anayewasaidia wanadamu wote wa dunia hii isipokuwa wale anaokaa nao nyumba moja?

Tunakaa Gitega, Burundi, katika nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja kinachotazama barabara. Humo Egidius ameweka kompyuta, mashine ya fotokopi na kibao cha "Sekretariati", maana asubuhi anafundisha shule na mchana anawachapia watu barua zao. Sote wawili tulikulia Tanzania, kambini, tukarudi kwetu amani ilipopatikana, tukiwa tayari watu wazima, na mpaka leo Kirundi chetu kinawachekesha wauza ndizi. Chini ya meza ya fotokopi kuna kompyuta nyingine, ndogo, nyeusi, inayonguruma kutwa kucha. Hiyo haichapi barua ya mtu. Hiyo ni ya kujitolea.

Siku alipoileta alinieleza tukiwa tunachambua maharage. Duniani, alisema, kuna watu wanaohitaji kusoma na kuandika kwenye mtandao bila kujulikana ni akina nani na wako wapi: mwandishi wa habari anayetafutwa, mwanamke anayepigwa, mtu aliyeona wizi wa wakubwa na anaogopa kuusema. Basi watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wameunganisha kompyuta zao. Neno la mtu linapokelewa na kompyuta ya huyu, linapitishwa kwa yule, kisha kwa mwingine, na kila mmoja anamjua tu aliyempa na anayempa. Likifika mwisho linatoka nje likiwa halina mwenyewe.

"Na wewe umekaa wapi katika huo msururu?" nikamuuliza.

"Mwisho," alisema, uso umemng'aa. "Hapo ndipo wengi wanaogopa kukaa. Mimi ndiye mlango wa kutokea."

Nikalitafakari jambo hilo huku natupa mawe madogo yaliyojificha kwenye maharage. "Kwa hiyo lolote atakalofanya mtu nisiyemjua, huko Ulaya au Marekani, litaonekana limefanyika sebuleni kwangu."

"Kwa namna fulani."

"Na matapeli wanapita?"

"Wachache."

"Na watukanaji?"

"Nao. Lakini siwaoni, Melania. Kuwaona ndiko kunakokatazwa."

Nikamwambia kwamba maharage yenyewe nayachambua kabla ya kuyatia chunguni. Akasema watu si maharage. Mwalimu huyo, huwezi kumshinda kwa maneno.

Ningependa ifahamike pia kwamba mjitoleaji huyu wa dunia nzima, Jumamosi asubuhi, watu wa kartie, mtaa wetu, wanapotoka na majembe kwenda kufyeka na kuzibua mitaro, yeye huumwa tumbo. Kila Jumamosi. Mimi ndiye ninayebeba jembe na kusimama mtaroni, huku mume wangu amelala akiwalinda watu wa Brazili.

Kosa lenyewe, hata hivyo, lilikuwa la mtu aliyerudi kutoka ukimbizini, na sidhani kama mtu mwingine angelifanya. Kanuni za hao wenzake zinasema anayekaa mlangoni aache anwani, ili mwenye malalamiko apate pa kulalamikia. Wenzake huko kwao wanaweka jina la utani na sanduku la barua pepe ambalo pengine hawalifungui. Lakini sisi tuliorudi tuna ugonjwa wetu. Mpakani tuliulizwa jina, jina la baba, kilima ulichozaliwa, komini, provinsi. Tulipopokelewa tukaulizwa tena. Kwenye shamba la baba, mbele ya watu waliokuwa wameshalilima, tukaulizwa mara nyingine, na ole wake aliyesahau jina la babu. Sasa ukimgusa Egidius begani usingizini anakutajia ukoo mzima. Kwa hiyo alipofika penye nafasi ya anwani aliandika: Egidius, mwana wa Manase, mzaliwa wa Ryansoro, Gitega, mwalimu, na chini yake nambari ya simu, na chini ya nambari ya simu akaelekeza nyumba ilipo, mkabala na duka la rangi.

Katika mtandao mzima wa watu wasio na jina, mwenye jina akawa mume wangu peke yake.

Basi dunia ikaanza kupiga simu. Alipiga mtu mmoja akifoka kwa lugha ambayo tulikuja kudhani ni Kireno. Duka moja la viatu la mbali lilimwandikia barua baada ya barua likimtaka aache kujaribu nywila za wateja wake, naye akawajibu kwa Kifaransa cha shuleni kwamba anasikitika sana na anawatakia biashara njema. Mama mmoja alipiga akalia. Egidius alilia naye, akamwombea kwa Kiswahili, simu ikakatika. Chefu wa kartie, yaani mkubwa wa mtaa, alisikia kwamba nyumbani kwetu wanapita wageni usiku na mchana. Akaja, akatazama sebuleni, akatazama jikoni, akaniomba radhi, kisha akatazama chini ya kitanda. Hao watu wanaosaidiwa, sijaona hata mmoja aliyepiga kusema asante. Wangepigaje? Hawamjui, naye anajivunia kwamba hawamjui.

Asili ya wema wake huo naijua, na hapo siwezi kumcheka. Egidius alikuwa mtoto mdogo familia yake ilipokimbia vita kutoka Ryansoro kwenda Tanzania. Walipofika Muyinga barabara ilikuwa imefungwa na wauaji. Fundi mmoja wa nguo, Mwislamu wa mjini aitwaye Uthmani, aliwavuta ndani, akawaficha katika chumba cha vitambaa yeye na mkewe Bahati, wakawalisha hadi njia ilipofunguka. Hakuwauliza majina wala wao ni watu gani. Wazazi wa Egidius walikufa kambini. Yeye aliporudi, kabla hata ya kwenda kulitazama shamba la baba yake, alikwenda Muyinga kumtafuta fundi huyo, na tangu siku ile anamwita baba. Kwenye harusi yetu Mzee Uthmani ndiye aliyesimama upande wa bwana harusi. Suti ya Egidius alishona yeye, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, nasi tukasema imependeza.

"Mzee Uthmani hakutuuliza majina," Egidius hunijibu kila ninapolalamikia ile kompyuta nyeusi. "Mimi nina haki gani ya kuwauliza wengine?" Hapo ananishinda. Naye anajua, ndiyo maana hoja hiyo anaitumia hata ninapolalamikia bomba linalovuja.

Sasa basi. Siku moja simu ikalia, na alikuwa Mzee Uthmani. Kwa kawaida mzee huyu akipiga, salamu peke yake zinaweza kuivisha chungu cha maharage: watoto, wakwe, mvua, bei ya sukari. Siku hiyo hakusalimu.

"Egidi," alisema, nami nilimsikia kwa sababu sauti ilikuwa kubwa. "We ndiyo umeniandika?"

Ilikuwa hivi. Muyinga kuna kijana anayetengeneza simu, jina lake Waziri, naye ana ukurasa wake kwenye mtandao unaoitwa Sauti ya Soko. Mtu yeyote anaweza kuandika maoni pale bila kujitaja. Matusi kutoka nchi za nje yalipozidi, Waziri aliufunga ukurasa usipokee maneno ila ya walio ndani ya Burundi. Na katika ukurasa huo, wakati Nadia, binti wa mwisho wa Mzee Uthmani, anajiandaa kuolewa na Ilyasi mwana wa Radjabu muuza vipuri vya baiskeli, kulitokea maneno haya: "Uthmani fundi wa nguo iko na mashini ya mtu wa Gitega, yule alikimbia vita. Si yake. Asimupe binti yake kitu ya watu."

Mashini ni cherehani. Mzee Uthmani alikuwa amesema mbele ya wazee kwamba Nadia ataondoka na cherehani, ili akafanye kazi yake kwa mumewe na asiombe chumvi.

Maneno yalikuwa hayo tu, mafupi. Lakini yalipofika sokoni asubuhi, Uthmani alikuwa amekula cherehani mbili. Kufikia adhuhuri zilikuwa cherehani nyingi, ng'ombe na mabati ya nyumba. Na jioni ilijulikana kwamba watu aliwaficha makusudi ili wamwachie mali. Radjabu akatangaza kwamba mwanawe haoi katika nyumba iliyojengwa kwa machozi ya wakimbizi. Waziri naye, kwa kutaka kuonyesha ufundi, akaifuatilia anwani ya laini yalikotokea maneno yale. Ikampeleka Gitega. Akaendelea kuifuatilia, ikamfikisha kwa Egidius, mwana wa Manase, mkabala na duka la rangi.

Muyinga nzima ikapiga makofi ya mshangao. Aliyefichwa mwenyewe ndiye ameandika! Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Mume wangu alikaa juu ya ndoo akafikiri. Kisha akanieleza kwamba aliyeandika, yeyote yule, alikuwa anajificha kwa njia ya mtandao wao, na kwa kuwa Waziri ameufungia ukurasa wake ndani ya nchi, ilibidi neno litokee kwenye mlango ulioko Burundi. "Na nchini humu mlango wa namna hiyo," alisema, "ni wangu peke yangu."

Alisema hivyo kwa fahari kidogo. Nilimtupia mwiko.

Radjabu alikuwa ametoa sharti. Mtu wa Gitega aje mwenyewe Muyinga, aitazame cherehani mbele ya pande mbili, aseme ni ya baba yake au si ya baba yake. Akisema si yake, harusi inaendelea na atakayemtaja Uthmani vibaya ataona. Akisema ni yake, kila mtu arudi kwake. Tukavaa nguo za kanisani tukaondoka.

"Izime kwanza," nilimwambia kabla hatujafunga mlango.

"Nikiizima leo watasema nimekiri."

"Wanasema hivyo tayari."

"Melania, huenda saa hii kuna mwanamke mahali fulani, hana pengine pa kusemea ila hapa. Nimfungie mlango?"

"Kuna mwanamke Muyinga anaitwa Nadia," nikasema. "Huyo tunamjua jina." Akanitazama kwa huzuni, kama anavyowatazama wanafunzi wanaoshindwa kugawanya. Kompyuta ikabaki inanguruma.

Muyinga tulipokelewa kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Siku zote Mama Bahati hunikumbatia akiwa na unga mikononi, nikarudi Gitega na alama zake mgongoni. Mara hii alinipa mkono, akauliza habari za safari, akakimbilia jikoni. Mzee Uthmani alikuwa amekonda. Kanzu yake, ambayo hushona mwenyewe, ilimning'inia begani, na macho yake hayakutulia.

"Mwanangu, we hukuandika?" alimuuliza Egidius.

"Sikuandika, baba."

"Lakini ilitoka kwa nyumba yako."

"Ndiyo, baba."

"Donc nani alikuwa kwa nyumba yako?"

"Sijui, baba. Siwezi kujua. Imetengenezwa ili nisijue."

Mzee alinigeukia mimi, kama mtu anayetafuta mkalimani. Nikatazama dari.

Baada ya sala ya alasiri watu wakakusanyika sebuleni kwa Mzee Uthmani: Radjabu na ndugu zake upande wa dirishani, majirani upande wa mlangoni, Waziri na simu yake katikati. Radjabu ni mtu mnene mwenye sauti ya kuuzia. Alimtaka Egidius aeleze kwanza, maneno yanatokaje kwake na yeye asiwe ndiye aliyeyasema. Mume wangu hakungoja aambiwe mara mbili. Akawapanga watu kwenye mstari, akachukua kikombe cha chai kilichojaa, akampa jirani wa kwanza mlangoni na kumwambia ampe wa pili, wa pili ampe wa tatu, na kila mtu asigeuke kutazama kikombe kilianzia kwa nani. Kikombe kikapita. Wengine walionja, mwingine alimmwagia Waziri gotini. Kilipomfikia Radjabu, wa mwisho, hakikuwa na kitu.

"Sasa," Egidius alisema kwa furaha, "Mzee Radjabu ameshika kikombe kitupu. Je, ni yeye aliyekunywa chai?"

Radjabu aliinamia kikombe. "Mi nimekishika, mi sijakunywa. Na hamuniambie nani alikunywa?"

"Hatuwezi kujua!"

"Bon. Na siku ingine nikishika kikombe itakuwa tena hivi?"

"Inawezekana."

"Alors we uko mjinga," alisema Radjabu, "kwa nini unakubali kukaa mwisho?"

Watu walicheka, na nakiri mimi nilicheka kuliko wote, maana ndilo swali nililokuwa nikiliuliza tangu maharage. Egidius alijibu kwamba lazima mtu fulani akubali kukaa mwisho. Alisema siku moja yeye na wazazi wake walipita mikononi mwa watu hivyo hivyo, na wa mwisho alikuwa Mzee Uthmani, na angeuliza wao ni akina nani wasingekuwa hai. Kicheko kikaisha. Bibi mmoja akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilimpenda mume wangu wakati ule, nisiseme uongo. Nilimpenda nikasahau hata mitaro ya Jumamosi.

"Hiyo tumeisikia," alisema Radjabu kwa upole kidogo. "Lakini kitu moja imebaki. Mulete mashini."

Hatukuwa tumewahi kuiona cherehani hiyo. Miaka yote tuliyokwenda pale, Mzee Uthmani alishonea barazani kwa cherehani nyingine, ya kanyagio. Hii ilitolewa chumba cha ndani ikiwa imefunikwa shuka, ikawekwa mezani, shuka likavutwa.

Ilikuwa cherehani ndogo ya mkono, nyeusi, rangi ya dhahabu imefutika. Kishikio cha gurudumu lake hakikuwa cha chuma. Kilikuwa cha mti, kimechongwa kwa kisu, na pembeni yake kulikuwa na vishimo vidogo vidogo vilivyopangana.

Nilikitambua kishikio kile kwa hadithi. Mume wangu anakumbuka vitu vichache sana vya kabla ya vita, na vyote amenisimulia. Kimojawapo ni hiki: baba yake alikuwa anashona nguo sokoni Ryansoro, kishikio cha cherehani kikavunjika, akachonga kingine mwenyewe kwa mti wa mparachichi, na yeye Egidius, bado mdogo, alikuwa akipakatwa anakitafuna huku baba anacheka. Ni karibu kila alichobakiwa nacho cha baba yake. Hana picha.

Nilimtazama. Alikuwa ameyaona meno yake mwenyewe. Mkono wake ulinyooka kidogo kuelekea mezani, ukarudi ukajificha mfukoni.

"We ni mtoto wa Manase," alisema Radjabu. "Sema mbele ya Mungu na mbele ya watu. Hii mashini iko ya baba yako?"

Mzee Uthmani alikuwa anatazama mkeka. Nadia alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, hina imekauka mikononi kwa kungoja, na nyuma yake mama yake.

"Siijui," alisema Egidius.

"Sema na jina yako. Maneno ya bila jina tumeshiba."

Mume wangu akasimama wima kama anavyosimama kusoma neno kanisani. "Mimi, Egidius, mwana wa Manase, wa Ryansoro, Gitega. Cherehani hii siijui. Baba yangu hakuacha kitu Muyinga. Alichokichukua hapa ni uhai wetu, nao tulipewa bure."

Wakashangilia. Radjabu alimkumbatia Uthmani, Uthmani akalia, na watu wakasema ni furaha. Waziri alitangaza kwamba anaufuta ule uongo kwenye ukurasa wake sasa hivi mbele ya kila mtu, akaufuta. Nami nilikaa pale nikiwa na hasira ya kutaka kupindua meza. Asiye na jina alikuwa amesema kweli. Mwenye jina, na baba, na kilima, alikuwa ametoka kudanganya kwa sauti nzuri kabisa, na wote walikuwa wanamshika mkono. Nilitaka kupiga kelele kwamba hiyo ni ya Manase, mtu aliyezikwa kambini kwa sanda ya kuazima. Kisha nikaona Nadia ameegemea mlango, anacheka na kulia kwa pamoja, nikanyamaza. Nilijichukia kwa kunyamaza, lakini nilinyamaza.

Nikatoka kwenda uani kupata hewa. Mama Bahati alikuwa peke yake kwenye jiko la mkaa, sufuria ya pilau imeanza kuungua chini na yeye haioni. Nikaiondoa motoni.

"Melania, mwanangu," alisema bila kuinua uso. "We umeijua ile mashini."

"Mimi, mama?"

"Nimeona macho yako. Usinifiche mi mama yako. Na yeye ameijua?"

Nilikuwa nimechoka na watu wema. "Ameijua," nikasema. "Ni ya baba yake. Alama za meno ni zake."

Akaketi chini, pale pale kwenye majivu, na nguo yake ya sherehe. "Mi ndiyo niliandika," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea, kwa sauti ndogo, mkono kinywani.

"Iko madamu mmoja alitoka Bujumbura, alikuja kufundisha chama yetu ya wanawake. Wale wanapigwa na mabwana zao waweze kusema bila kujulikana. Alituwekea hiyo kitu kwa simu. Mi bwana yangu hanipigake. Lakini nilijifunza. Nikafikiri, iko neno moja kwa roho yangu, miaka mingi, sina namna ya kusema na mdomo."

"Neno gani, mama?"

"Baba ya Egidi hakumwachia Uthmani ile mashini. Aliniachia mimi. Usiku wanaondoka alisema, mama, siwezi kupita nayo, nitunzie. Nikirudi nitachukua. Nisiporudi, huyu mtoto atachukua. Akanionyesha mtoto, kalala kwa mgongo wa mama yake. Nikasema ego, ndiyo, iko amana. Kwetu sisi, Melania, amana si mchezo. Utaulizwa nayo kaburini." Alijifuta uso, majivu yakambaki shavuni. "Siku Egidi alirudi, akaingia hapa akamuita Uthmani baba, nilifurahi nikasema, Uthmani, tumupe yake. Akasema ngoja kidogo, watoto iko shule, mashini ndiyo inawalipia. Nyuma ya hapo haya ikamushika. Mtu anakuita baba, utamwambia namna gani ulitumia kitu yake? Kila mwaka haya inazidi. Halafu akasema itaenda na Nadia. Mana yanje, Mungu wangu! Binti yangu aanze nyumba na amana ya watu? Ndiyo nikaandika. Nilisema Uthmani atasoma, ataogopa, ataipeleka Gitega kimya kimya. Sikujua watu watasema ile yote. Sikujua neno yangu itapita kwenu."

Nikachuchumaa mbele yake. Hasira yangu ilikuwa imetafuta pa kwenda, haikupata.

"Twende ukawaambie sasa, mama. Mimi nitasimama na wewe."

"Niseme nini? Egidi ameapa na jina ya baba yake. Nikisema, yeye iko muongo mbele ya Muyinga yote, na Nadia haolewi, na Uthmani iko mwizi." Alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Mi nilitaka kitu moja tu. Egidi aseme iko yake, nimpe, nilale. Sasa mwenyewe amesema si yake. Mi nitairudisha kwa nani?"

Nikampangusa majivu shavuni. Upande wa barabarani vijana walikuwa wameshaitoa cherehani, wanaifunga kamba kwenye baiskeli ya Ilyasi, na sauti iliyokuwa ikiwaelekeza waishikeje isije ikaanguka njiani ilikuwa ya mume wangu.